Nakala Tatu, Jalada Jeusi

Umeme ulikatika tukiwa ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Mwenye steshenari pale Mwenge akaguna,
akatoka kuvuta kamba ya jenereta,
nami nikabaki gizani nimeikamata flashi
kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Mwaka mzima umo humo, kwenye kidude cha urefu wa kidole:
soko la ghorofa moja, Buguruni, Kwa Mnyamani,
nguzo arobaini na nane, ngazi mbili, mteremko wa paa,
na hesabu ya upepo niliyoirudia mara saba,
mara ya nane upepo wenyewe ukanichoka.

Nilianza na futi kamba ya kuazima.
Oktoba, jua la saa saba,
napima vibanda, watu wananipima mimi.
"Manispaa hao! Wanakuja kubomoa!"
Meza zikakunjwa, nyanya zikakimbilia beseni.
Mama Sikudhani peke yake hakuinuka,
yeye na ndoo yake ya dagaa.
"Unapima kaburi la nani?"
Nikamwambia ni jengo. La darasani. La karatasi.
Akacheka, akasogeza mguu kamba ipite.

Dakta Rweikiza hacheki.
Ana kalamu nyekundu isiyoishiwa wino
na swali moja la kila Alhamisi:
"Mzigo huu unashukia wapi?"
Slabu huitwika boriti, boriti huitwika nguzo,
nguzo huutwika msingi, na msingi
huugeukia mfinyanzi wa Buguruni:
haya, mwenzangu, vumilia na wewe.
Ada ya muhula wa mwisho
kaka aliuza pikipiki.
Hilo halimo kwenye jedwali la mizigo.

Machi mvua ilinyesha siku nne.
Nikaenda kutazama: maji magotini,
kandambili moja ya mtoto inazunguka palepale
nilipochora lango kuu.
Nikapandisha sakafu sentimita sitini,
na kila nilichokuwa nimekimaliza
kikapanda nayo, kikaanza upya.
Wiki hiyo Nsajigwa aliahirisha mwaka.
Aliniachia rula yake ya pembe tatu,
jina limekwaruzwa kwa pini,
wala hakusema kwa heri.

Jopo: watu watano, dakika ishirini.
Mmoja aliuliza moto ukiwaka watu watatokea wapi.
Mmoja alisinzia, akazinduka kwenye nondo.
"Umefaulu, kwa masahihisho madogo."
Nikatoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro,
nikala mihogo ya kukaanga ya mia tano
bila kuisikia ladha.

Jenereta ikakohoa. Mashine ikaendelea.
Nakala tatu, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu,
gundi bado inanuka.
Moja ya maktaba. Moja ya idara.
Ya tatu ni yangu, lakini niliipeleka Kwa Mnyamani.

Mama Sikudhani akafuta mikono kwenye kanga,
akafungua kitabu juu chini, akakigeuza.
Kidole chake chenye magamba
kikaingia langoni, kikapanda ngazi polepole,
kikapumzika kwenye kona ya kaskazini.
"Hapa ndipo mimi?"
Ndiyo. Nimekupandisha juu upate hewa.
"Na chini yangu?"
Wauza mchele.

Akanyamaza. Akaitazama ndoo yake.
"Sasa mwanangu, nikishaosha dagaa,
maji yangu yanashukia wapi?"

Madaktari watano. Kalamu nyekundu. Alhamisi zote zile.

Nikamwomba biki aliyoifunga kwa uzi
kwenye daftari la madeni,
nikapiga magoti vumbini, nikatoboa ukurasa wa sitini na moja
kwa mstari mmoja wa bluu, uliopinda.

"Ukiupitisha huko," akasema, "utamlowesha Mwanaidi."
Nikaukata. Nikachora mwingine.